Wageni wa kanisa wanakuja tena na mabegi ya dawa, na mie ndo nabaki na wagonjwa

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie mawazo maana hili jambo limenikaa kooni na nyumbani siwezi kuliongea vizuri, mume wangu ni mzee wa kanisa, kila nikianza ananiambia mama watoto punguza maneno.

Mimi ni nesi wa zahanati ya kijiji huku Nanyumbu, kijiji chenyewe sikitaji maana tutajulikana mara moja, ukitoka Mangaka unashika njia ya kushuka Ruvuma, kiangazi bodaboda inafika vizuri tu, masika ni wewe na Mungu wako. Kwenye makaratasi tuko watatu ila tabibu wetu mara yuko semina mara yuko likizo mara anaumwa, na mhudumu wa afya anakaa kijiji cha pili, kwahiyo mimi ndo mkunga, mimi ndo chanjo, mimi ndo dirisha la dawa, na usiku mimi ndo najaza MTUHA, vile vitabu vya takwimu za wagonjwa, kwa tochi ya simu.

Sasa kanisa letu lina marafiki Marekani. Kila mwaka mwezi wa saba wanakuja kundi, madaktari wawili watatu, manesi, na vijana wengi tu ambao wengine ni wanafunzi na wengine sijui hata wamesomea nini, wanafunga mahema uwanja wa kanisa wiki moja wanatibu bure. Sitaki kusema uongo, ni watu wazuri, wana upendo wa kweli, wanacheza na watoto, wanakula ugali na kisamvu bila kununa, na kuna mama mmoja walimpa miwani ya kusomea mpaka leo anajisomea Biblia mwenyewe. Kwahiyo sio kwamba nina chuki nao.

Shida ni wakishaondoka. Watu wanakuja kwangu na vipaketi vya nailoni vimeandikwa Kiingereza, nesi hii ni ya nini, na mie zingine sijawahi kuziona. Kuna bibi mmoja alitembea kutoka kitongoji cha mbali, kafika kapangwa foleni juani, kapimwa presha ikasoma juu, akapewa dawa za mwezi mzima. Kumbe huyo bibi ni mgonjwa wangu, daftari lake naandika mie, anatumia nifedipine ya zahanati siku nyingi. Hakuulizwa, au aliulizwa akaelewa vingine maana Kiswahili chake cha kubahatisha, yeye ni Kimakua tu, na aliyekuwa anatafsiri ni kijana wa kwaya. Basi akawa anakunywa zote, yangu na ile yao ambayo ilikuwa amlodipine. Haikupita muda akaanguka chooni akapasuka paji la uso, wakamleta presha imeshuka mpaka mikono yangu ikatetemeka. Alipona, Mungu mkubwa, lakini wanawe walisema dawa mbovu ni ya zahanati, ya Wazungu haiwezi kumdhuru mtu.

Mwingine baba wa watu aling'olewa jino na kijana ambaye baadaye tukasikia bado anasoma, damu ikatoka usiku kucha, nikaamshwa mie. Halafu picha Shangazi. Mzee mmoja ana busha kubwa, alienda kuomba msaada, wakampiga picha, na hawakumfunika, ikawekwa mtandaoni ya kuombea michango, kijana wetu mmoja anayekaa Dar akaiona akairusha kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Mpaka leo mzee akipita kijiweni vijana wanacheka, na busha lenyewe hawakulifanya chochote maana hawakuja na vifaa vya upasuaji.

Mwaka huu limeongezeka lingine. Mchungaji anataka hema la maombi likae katikati, yaani mgonjwa akitoka kwa daktari apitie kwanza kuombewa na kusikia neno ndo aende kuchukua dawa. Kijiji chetu zaidi ya nusu ni Waislamu, mjomba wangu wa tumbo moja na mama yangu ndo imamu wa msikiti wa kitongoji chetu. Juzi tumekutana kisimani akaniuliza, mwanangu, nasikia safari hii panado mpaka mtu aokoke? Nikacheka ila roho iliniuma.

Na mie mwenyewe wananitaka hivi, wiki hiyo nifunge zahanati niende kutafsiri, halafu nigonge muhuri wa zahanati kwenye barua inayosema sisi ndo tumewaalika, maana kuna mtu kawaambia ikiwa na muhuri wa kituo mambo yatapita kirahisi. Tabibu nimempigia kaniambia fanya unavyoona. Nikikataa nitaitwa mpinga kazi ya Mungu, na watu watasema wamekosa dawa kwa ajili yangu, na ukweli wengine wanasaidika. Nikikubali, mwezi wa nane niko peke yangu na yatakayobaki. Nigonge au nisigonge?

Nesi wa Nanyumbu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole, hasa ya kuamshwa usiku kwa jino ambalo hukuling'oa wewe.

Muhuri usigonge. Nalisema mwanzo kabisa ili hata ukiishia hapa kusoma kwa sababu kuna mama ana uchungu mlangoni uwe umeshapata jibu. Ule muhuri sio wako, sio wa tabibu, ni wa halmashauri, na zahanati ya serikali haina mamlaka ya kualika madaktari kutoka nje kama inavyoalika watu harusini. Tabibu kukuambia fanya unavyoona maana yake ni kwamba likiharibika alikuwa hajui. Likiharibika atatafutwa aliyegonga, na wakati huo wageni wako kwenye ndege.

Ila kukataa muhuri sio kuwakataa wageni, na hapa naomba unielewe vizuri kwasababu nimeona barua yako ina hasira za aina mbili zimechanganyika, moja ya haki na nyingine ya uchovu tu.

Mimi uuguzi nimeufanya huku huku kusini mpaka nimestaafu, na nikikaa na wenzangu wa zamani huwa tunasema bila misheni sisi tusingekuwepo. UMCA, wale wamisionari wa Kianglikana, walifungua misheni Masasi 1876. Wabenediktini, wamisionari wa Kikatoliki, wako Ndanda tangu 1906, na hadi leo kuna mtu anatoka Tandahimba anapita vituo vingine njiani anakwenda hospitali ya Ndanda, mwingine Lindi huko anakimbilia ya Nyangao. Kuna yule daktari Mwingereza Leader Stirling, alikuja 1935, akafanya kazi Lulindi hapo jirani na Masasi, baadaye akahamia Mnero kule Nachingwea, akawa raia wa nchi hii na Mwalimu akaja kumfanya Waziri wa Afya miaka ya 70. Mtu akikuambia unapinga kazi ya Mungu mwambie hiyo kazi unaijua vizuri, wale walijifunza lugha, wakajenga wodi, wakafundisha watoto wa hapahapa kuwa wauguzi, na ndo maana mpaka leo Ndanda kuna chuo cha uuguzi.

Sasa wageni wa wiki moja huwezi kuwadai wakae miaka hamsini, wana kazi zao na watoto wao, na nauli wamechangishana makanisani kwa shida. Lakini wiki moja ina kazi zake na ina kazi ambazo sio zake, na huku ndo mnakopishana. Miwani ya yule mama imefanya kazi kwasababu miwani inaisha palepale, mtu kapimwa, kapata, kaondoka, hakuna mwezi wa pili. Dawa ya minyoo ya dozi moja nayo ni hivyohivyo (ila watoto wa shule wanapewa kwenye kampeni ya serikali kwahiyo muulize mwalimu wa afya ilitolewa lini, na mama mwenye mimba changa asipewe). Lakini presha mwanangu? Kisukari? Kifafa? Hayo ni magonjwa ya kutembea na mtu mpaka mwisho wa maisha yake, dawa ya mwezi mmoja bila mwezi wa pili haijamtibu mtu, imemzoesha kitu ambacho wewe huna dirishani kwako na imemfundisha kwamba ulichonacho ni takataka.

Na huyo bibi yako, tuliongelee vizuri kwasababu kisa chake kina mambo mengi kuliko ulivyoandika. Kwanza huenda presha yake wala haikuwa juu kihivyo. Bibi katembea umbali wote ule, kasimama juani, kaona watu wasiojulikana wamevaa glavu, ukimfunga mashine dakika hiyohiyo hata mimi itasoma juu. Presha inapimwa mtu amekaa, ametulia dakika tano angalau, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, na huamui kwa kipimo cha mara moja, unamrudia siku nyingine. Kwenye foleni ya watu mia wanaogombania namba hicho kitu hakifanyiki. Pili, amlodipine na nifedipine ni dawa za kundi moja, zote zinalegeza mishipa, ukizinywa pamoja presha inashuka unaona kiza, kwahiyo kuanguka chooni haikuwa bahati mbaya. Daktari yeyote wa Marekani au wa Muhimbili angelijua hilo kama angejua bibi tayari ana dawa. Hakujua. Kwanini hakujua? Kwasababu daftari la bibi lilikuwa nyumbani limefungwa kwenye kanga na anayelijua, yaani wewe, hukuwa pale, na mtu wa katikati alikuwa kijana wa kwaya.

Kwahiyo sharti lako la kwanza, na hili ulisimamie kuliko yote, ni kwamba hakuna mgonjwa anaonwa bila daftari lake la zahanati. Hana daftari, anunue au kanisa linunue, maboksi ya madaftari sio hela ya kushindwa na watu waliokata tiketi za ndege. Daktari mgeni anaandika humohumo, jina la dawa lile la kawaida sio la kampuni, kiasi, mara ngapi, tarehe, na wewe jioni unaingiza kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA kama wagonjwa wa siku zote. Maana wasipoingia kwenye MTUHA ni kama hawajaumwa, wilayani watakuona mwezi wa saba huna wagonjwa na mgao wako wa dawa unapangwa kwa takwimu hizohizo, yaani unatibiwa watu wako halafu unakatwa dawa. Hili wageni hawalijui kabisa, ukiwaeleza wengi wanashtuka.

Na dawa zenyewe ziwe zile zilizopo kwenye orodha ya taifa, ambazo zikiisha utaagiza Bohari ya Dawa. Wakiwa na hela wanunue hapahapa nchini, Mtwara au Dar, zitakuja na lebo unayoisoma. Mabegi ya sampuli kutoka nje ni balaa, hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa misaada ya dawa unataka dawa ikifika iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na lebo iwe kwa lugha ambayo wahudumu wa hapo wanaielewa. Vile vipaketi vya nailoni vya Kiingereza ulivyobaki navyo vikusanye, usimpe mtu, peleka kwa mfamasia wa wilaya, na pata karatasi ya kukiri kwamba kapokea.

Sasa nani awaambie yote haya? Sio wewe. Wewe ni mtoto wa pale, mke wa mzee wa kanisa, mpwa wa imamu, ukisimama kwenye kikao cha kanisa ukasema sheria itageuka kuwa Nesi anaringa. Mwachie Mganga Mkuu wa Wilaya, yaani DMO, ndo kazi yake. Mwambie mchungaji kwa upole kabisa, baba mchungaji, mimi natamani sana wageni waje, ila barua inatakiwa itoke kanisani iende kwa DMO, ipite kwa mtendaji wa kijiji, na mimi ntasaidia kuiandika. Hapo umesaidia na hujagonga kitu. DMO akiipata atauliza mwenyewe yale ambayo wewe unaogopa kuyauliza, daktari wa nje hata kama ni profesa anatakiwa usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi anatakiwa wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, dawa zinazoingia nchini hata za msaada zinataka kibali cha TMDA, ile mamlaka ya dawa ya serikali, na mtu aliyeingia kwa viza ya utalii hatakiwi kufanya kazi. Makundi yanayojielewa hayo yote wanayo miezi kabla, na wanakuja na nakala kwenye faili. Wenye kutafuta muhuri wa kupitia kirahisi ndo wanaonitia wasiwasi.

Wale wanafunzi waulizwe swali moja, kwenu unaruhusiwa kung'oa jino la mtu bila msimamizi? Kama kwao hapana basi na Nanyumbu hapana. Wapewe kazi, kazi zipo, wapange foleni, wapime urefu na uzito, washike watoto, wachore mistari kwenye madaftari. Meno ang'oe daktari wa meno aliyesajiliwa, na muulize vyombo vinachemshwa wapi, kama jibu ni vinalowekwa kwenye beseni la dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, meno yasubiri.

Nikija kwenye hema la maombi, hapa sitaongea kama nesi, ntaongea kama mtu anayesali. Mchungaji wako msomee Luka 17, wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja kushukuru na alikuwa Msamaria. Wale tisa ambao hawakurudi Bwana aliuliza wako wapi, lakini ukoma wao hakuwarudishia. Ukiweka maombi kati ya daktari na dawa umeweka geti, na mtu mwenye homa hana uwezo wa kusema hapana kwenye geti, atainamisha kichwa aombewe huku moyoni anakuhesabia. Mama wa Kiislamu mwenye mtoto anatetemeka ataishia njiani arudi nyumbani, na huyo mtoto malaria ikipanda kichwani mwezi huohuo utamzika wewe na mjomba wako. Wanaotaka kuombea waombee, jioni, kanisani, mlango wazi, anayetaka aende. Kwa hospitali za misheni ninazozijua Muislamu analazwa, anatibiwa, sista anamsalimia asalam alekum, na kengele ya kanisa inalia palepale nje, hajalazimishwa mtu na kanisa halijapungukiwa.

Na ili hili lisiwe ubishi wa hema, hamisheni sehemu. Sio uwanja wa kanisa. Iwe zahanati, na kama pamebana basi shule ya msingi maana mwezi wa saba kuna siku watoto wako likizo. Mahali pakiwa pa kijiji, mwenyekiti wa kijiji anahusika, kamati ya zahanati inahusika, na mjomba wako unamfuata mapema na mume wako mkiwa wawili, mnamwomba atangaze msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Usimfuate peke yako kisimani, mfuateni nyumbani, mkae, mle chake. Ile panado mpaka mtu aokoke alikuwa anakutania lakini utani wa mjomba huwa una ujumbe, alikuwa anakupa nafasi uliseme wewe kabla hajalisema yeye kwenye mimbari.

Kutafsiri usiende. Zahanati ikifungwa wiki nzima na mama akajifungulia njiani hakuna barua ya kanisa itakayokutetea, mwajiri wako ni halmashauri. Lakini kama kambi imehamia zahanati hilo limejimaliza lenyewe, uko kazini kwako na wageni wako kwako, unapita kwenye meza. Watafsiri watafutwe watu wazima, walimu, mama mmoja anayejua Kimakua na mwingine Kiyao kwa ajili ya wazee, na wanawake waonwe na mtafsiri mwanamke. Hebu fikiria mama wa miaka arobaini anamweleza mtoto wa mchungaji kwamba anatokwa na uchafu ukeni, atasema anaumwa kichwa tu, na ataandikiwa dawa ya kichwa.

Picha za wagonjwa zisipigwe. Usiingie kwenye mjadala wa kuomba ruhusa sijui kusainisha fomu, mtu anayesubiri dawa ya bure akiombwa picha atasema ndio kwa kila kitu. Wapige picha za mahema, za wao wenyewe, za mlima, za mikorosho. Wanaotaka kuonyesha waliochangia watume picha ya friji ya chanjo iliyotengenezwa.

Na hapo nimefika kwenye kitu ambacho natamani ukiombe, maana mpaka sasa nimekupa makatazo tu. Waulize, wiki hii mnaweza kunifundisha mimi? Kati ya hao madaktari na manesi hakosekani anayejua kufundisha kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa hajalia, yale mafunzo ya mdoli na ambu begi, ule mfuko wa kumsukumia mtoto hewa, dakika ile moja ya kwanza unamkausha, unamsisimua, hapumui unampa hewa. Wewe unazalisha peke yako usiku kwa tochi, mwaka mzima, na wakunga wa zahanati za jirani ni hivyohivyo. Muwekwe manesi wote wa kata siku mbili, mfanye kwa mikono mpaka vidole vizoee, na mdoli ubaki kwako muendelee kujifua kila mwezi. Kwa wiki yao moja sioni kitu watakachoacha kikubwa kuliko hicho. Wakiwa na fundi kwenye kundi (na wanakuwa nao, wanaume wa makanisa yao wengi ni mafundi) aangalie sola yako, taa ya chumba cha kujifungulia, mashine ya presha, ile sufuria ya kuchemshia vyombo. Umeandika MTUHA kwa tochi ya simu, hiyo nimeisoma mara mbili.

Macho pia. Watu wazima wapimwe, mwenye mtoto wa jicho na mwenye kope zilizogeukia ndani kwasababu ya vikope waandikwe jina, wapelekwe hospitali yenye daktari wa macho, kanisa na wageni walipe nauli na matibabu. Na yule mzee wa busha naye awe wa kwanza kwenye hiyo orodha. Mabusha na matende ukanda wetu huu tunayajua, tumesimamishwa kwenye fimbo ya urefu tukameza ivermectin na albendazole miaka na miaka, lakini dawa hazipunguzi busha lililokwisha kukua, linataka upasuaji, na upasuaji wa busha unafanyika hospitalini na kidonda kinaangaliwa siku kadhaa, haufanyiki kwenye hema. Waliochanga kwa picha yake wamlipie safari na kitanda, wamelala hawajui kwamba mtu waliyemwonea huruma bado analo. Huyu usisubiri mwezi wa saba. Nenda wiki hii kwake jioni, peke yako bila kibegi cha kazi, mwambie kuna njia, muulize kama anataka, halafu mpe rufaa, na yule kijana wa Dar aliyerusha picha mpigie simu umwambie achangie nauli, atakubali tu, aibu itamsukuma.

Mume wako namwacha mwisho ila wewe muanze yeye. Kabla ya mchungaji, kabla ya mjomba. Usimwambie wageni wako wana makosa, atawatetea maana amekula nao. Mweleze ya bibi aliyeanguka chooni, taratibu, hatua kwa hatua kama nilivyokueleza mimi hapa, halafu mwonyeshe ile barua ya muhuri umuulize, baba watoto, likitokea tena kama lile na jina langu liko hapa chini, mimi nitajibu nini wilayani? Mzee wa kanisa akiona mkewe anaweza kufukuzwa kazi ghafla anakuwa mtu wa taratibu sana. Yeye ndo aingie kikaoni aseme barua iende kwa DMO.

Wakikataa yote hayo, wakasema wanakuja kama zamani, basi waje, hukuwazuia na huna uwezo huo. Wewe hujagonga muhuri, hujafunga zahanati, mlango wako uko wazi wiki nzima, na DMO umempa taarifa kwa maandishi na nakala unayo. Weka maji ya dripu ya kutosha, hakikisha simu ya gari la wagonjwa unayo, na kila anayetoka kule na kipaketi akipita kwako mwambie akuonyeshe kabla hajameza.

Usajili na vibali vinachukua muda kwahiyo wasije wakakuambia barua itaandikwa wakishakata tiketi. Ukimaliza kikao niandikie walisemaje.

Shangazi